Nani Kala Kuku? Kamera ya Mtego na Wageni wa Usiku Uani Kwako

Kuku akipotea usiku, mtaani hakukosekani mtuhumiwa. Wa kwanza ni paka pori. Wa pili ni mbwa wa jirani. Wapo watakaomtaja bundi, na akishatajwa bundi mazungumzo yanahamia kwenye uchawi. Kesho yake mtu anachanganya sumu ya wadudu na vichwa vya samaki, anaviacha nyuma ya banda, na anayekufa ni yeyote aliyefika hapo wa kwanza: paka wa nyumbani, mbwa, kunguru, wakati mwingine kuku wenyewe. Mwizi halisi huenda usiku huo hakupita kabisa.

Ubishi wa namna hii unaweza kupimwa. Kipo kifaa ambacho watafiti wa wanyamapori wanakitumia kila siku porini, na kinafanya kazi vilevile nyuma ya jiko lako: kamera ya mtego. Leo nataka tuielewe vizuri. Kamera hii ni shahidi mzuri sana, ila ina udhaifu wake, na usipoujua unaweza kumhukumu asiye na hatia huku picha unazo mkononi.

Kisanduku kinachojipigia picha chenyewe

Kamera ya mtego ni kisanduku kinachoshikika kwa mkono mmoja, kimefungwa kwa mkanda kwenye mti au nguzo. Ndani kuna betri, kadi ya kumbukumbu, kamera ya kawaida ya kidijitali, taa ndogondogo za usiku, na sensa. Jina "mtego" lisikutishe. Hakuna anayenaswa isipokuwa picha yake.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 Mmarekani George Shiras alikuwa akitega kamba porini usiku. Mnyama akiigusa, kamera inafyatuka pamoja na mwako wa unga wa mwanga. Julai 1906 jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74. Leo kamba imeondoka, sensa imechukua nafasi yake, lakini kazi ni ileile: mnyama ajipige picha wakati wewe umelala.

Hapa kwetu kifaa hiki kimefanya makubwa. Mwaka 2005, katika misitu ya Milima ya Udzungwa, kamera ilimpiga picha sange mkubwa mwenye uso wa kijivu ambaye hakufanana na sange yeyote aliyejulikana. Watafiti walimfuatilia, na mwaka 2008 akatangazwa rasmi kuwa spishi mpya: Rhynchocyon udzungwensis. Mnyama wa gramu 700 hivi, anayetembea mchana, kumbe alikuwa hajawahi kuandikwa na mwanasayansi yeyote. Huko Serengeti, mradi uliotega kamera 225 kuanzia mwaka 2010 umetupa mamilioni ya picha.

Sasa usidhani ni lazima uende Udzungwa au Serengeti. Nyumba nyingi za pembeni mwa miji yetu, zile zenye migomba, miembe, banda la kuku na shimo la taka, zina wageni wa usiku ambao wenye nyumba hawajawahi kuwaona. Wapo kanu, fungo, nguchiro, komba, kalunguyeye, nungunungu na panya buku. Na kuna sababu ya kutowaona. Mwaka 2018 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa tafiti 76 kuhusu spishi 62 za mamalia kutoka mabara 6. Palipo na shughuli za watu, wanyama wale walizidisha shughuli zao za usiku kwa wastani wa mara 1.36. Yaani mnyama aliyekuwa akigawa muda wake nusu mchana nusu usiku, karibu na watu anahamisha sehemu kubwa ya maisha yake gizani. Wapo, ila wametupisha.

Haitazami mnyama, inasikilizia joto

Wengi wanadhani kamera hii inatazama muda wote, na ikiona kitu kimesogea inapiga. Sivyo. Muda mwingi kamera imelala ili isimalize betri. Anayekesha ni sensa, ndugu wa ile iliyo kwenye taa za usalama zinazowaka zenyewe ukikaribia geti.

Kila kitu chenye joto kinatoa mionzi ya infraredi: wewe, kuku, jiwe, ukuta wa choo. Macho yetu hayaioni mionzi hiyo. Ndani ya sensa kuna vipande viwili vya fuwele maalumu, na joto la kipande likibadilika kinazalisha umeme kidogo sana. Vipande hivyo vimeunganishwa kwa kupingana. Vikipata joto sawa kwa wakati mmoja, umeme wa kimoja unafuta umeme wa kingine, na sensa inakaa kimya. Ndiyo maana jua likipanda polepole na ukuta mzima ukapata moto, kamera haishtuki. Lakini kanu akikatiza mbele yake, mionzi ya mwili wake inaangukia kipande kimoja kwanza, halafu cha pili. Usawa unavunjika, ishara inatoka, kamera inaamka na kupiga.

Mbele ya sensa kuna plastiki nyeupe yenye mistarimistari, inaitwa lenzi ya Fresnel. Kazi yake ni kuligawa eneo la mbele katika vikanda. Nyosha mkono wako mbele na utanue vidole: kila kidole ni kikanda ambacho sensa inakisikilizia. Mnyama anayetoka kidole kimoja kwenda kingine anagundulika kirahisi. Anayekuja moja kwa moja kuelekea kiganja, akifuata kidole kimoja tu, anaweza kukaribia sana kabla sensa haijamstukia.

Ukishaelewa hapo, mambo mengi yanayowasumbua watu yanajieleza yenyewe.

Kwanza, sensa inahitaji tofauti ya joto kati ya mnyama na kilicho nyuma yake. Na joto linalohusika ni la juu ya manyoya. Lile la ndani ya mwili halifiki kwenye sensa, maana manyoya kazi yake ni kulizuia lisitoke. Usiku wa Julai kule Njombe, mnyama mwenye damu moto anang'aa mbele ya sensa kama mkaa kwenye majivu. Mchana wa Februari Dar es Salaam, mchanga na ukuta vimepata moto kiasi cha kulingana na manyoya ya nguchiro au hata kuyazidi. Nguchiro anakatiza mbele ya kamera nzima, mpya, yenye betri zimejaa, na hapigwi.

Pili, wanyama ambao miili yao inafuata joto la mazingira ni wagumu zaidi kunasa. Kenge na nyoka wanaweza kupita mara nyingi bila kuacha picha. Kama mayai yanapotea na kamera haina kitu, usiwaondoe hawa wawili kwenye orodha ya watuhumiwa.

Tatu, jani linaweza kujifanya mnyama. Jani la mgomba lililopigwa na jua, likayumbishwa na upepo mbele ya kivuli cha baridi, ni tofauti ya joto inayotembea. Ukitega karibu na mgomba utarudi ukute picha kibao za mgomba. Usione aibu, hata wataalamu yanawakuta. Katika picha za Serengeti za miaka ya mwanzo, kati ya mafungu ya picha milioni 1.2, yenye wanyama yalikuwa 322,653 tu. Karibu robo tatu yalikuwa matupu, mengi ni nyasi zilizopeperushwa na upepo.

Nne, kati ya sensa kushtuka na picha kupigwa kuna kuchelewa kidogo. Kamera nzuri zinachelewa sehemu ndogo ya sekunde, za bei rahisi zinaweza kuzidi sekunde nzima. Mnyama anayekimbia atakuachia picha ya mkia.

Usiku anaonekanaje?

Hapa kuna jambo linalochanganya watu. Kamera ya mtego inatumia infraredi mara mbili, kwa kazi mbili tofauti.

Ile inayoamsha sensa inatoka kwa mnyama mwenyewe, na urefu wa wimbi lake ni mikromita 10 hivi. Ile inayomulika usiku inatoka kwenye taa za kamera, na urefu wa wimbi lake ni mikromita 0.85 au 0.94. Ni kama sauti ya besi na sauti ya filimbi: zote ni sauti, lakini ziko mbali kabisa. Kwa hiyo picha ya usiku si picha ya joto. Ni picha ya kawaida, iliyopigwa kwa "tochi" ambayo sisi hatuioni, na kwa sababu rangi tunazozijua hazimo kwenye mwanga huo, inatoka nyeusi na nyeupe.

Ukinunua kamera utaulizwa: nanomita 850 au 940? Taa za 850 zinamulika mbali zaidi lakini zinaonyesha wekundu hafifu ukizitazama gizani. Za 940 hazionekani, ila zinafika karibu tu. Kwa uani, ambako mnyama atapita mita 3 kutoka kwenye kamera na vibaka wanapita barabarani, 940 inatosha na haijitangazi.

Na yale macho yanayowaka? Nyuma ya retina ya kanu, paka, mbwa, komba na wengine wengi wa usiku kuna tabaka linaloakisi mwanga, kama kioo. Mwanga ambao haukunaswa mara ya kwanza unarudishwa upite tena kwenye retina. Mnyama anafaidi mwanga mdogo mara mbili, na unaobaki unatoka nje na kuingia kwenye kamera yako. Sisi binadamu hatuna tabaka hilo. Kwa hiyo ukiona macho mawili yanawaka juu ya mwembe, tulia: ni komba, yuleyule anayelia kama mtoto mchanga na kusingiziwa kila aina ya mambo.

Hakuna picha maana yake hakuna mnyama?

Hili ndilo swali la msingi, na ndilo linaloua wanyama wasio na hatia.

Jirani yetu mmoja hapa Morogoro, mzee wa makamo mwenye banda la kuku wa kienyeji, alikuwa amepoteza kuku kadhaa ndani ya mwezi mmoja. Aliponiona nashughulika na kamera za utafiti akaniita. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia, "Mwanangu, hebu nitegee hilo dude lako nimjue huyu mwanaharamu." Nikatega. Baada ya usiku 3 tukafungua kadi pamoja. Kulikuwa na panya buku, kulikuwa na paka wa mama wa duka, na kulikuwa na mbwa mwekundu wa nyumba ya tatu, anapita saa nane usiku karibu kabisa na banda.

"Si unamwona?" mzee akasema. "Ndiye huyo. Nilishasema mimi." Sumu alikuwa nayo tayari, kwenye chupa ya maji ya kunywa, juu ya dirisha la jiko.

Nilimwomba kitu kimoja: siku nyingine 11. Nikamweleza hesabu hii, na ninyi naomba mnifuate.

Tuseme mwizi wa kuku anapita hapa na kunaswa na kamera, kwa wastani, usiku 1 kati ya 5. Maana yake uwezekano wa kamera kumkosa usiku wowote ni 0.8. Usiku 3 mfululizo ni 0.8 × 0.8 × 0.8, yaani 0.51. Kwa hiyo hata kama mwizi yupo na ni mkazi kabisa wa eneo hili, baada ya usiku 3 kuna uwezekano zaidi ya nusu kwamba hujamwona bado. Ni sawa na kurusha shilingi. Baada ya usiku 5 uwezekano wa kumkosa ni 0.33. Baada ya usiku 10 ni 0.11. Ukifika usiku 14 umeshuka hadi 0.04, yaani asilimia 4 hivi. Hapo sasa ukimya wa kamera unaanza kuwa na maana.

Kwenye ikolojia tunatenganisha mambo mawili ambayo kwa mazungumzo ya kawaida yanachanganywa: mnyama kuwepo, na mnyama kugunduliwa. Picha inathibitisha kuwepo. Kukosa picha hakuthibitishi kutokuwepo. Kunapunguza tu uwezekano, kidogokidogo, kila usiku unaopita. Watafiti wana mbinu kamili za takwimu za kukadiria vyote viwili kwa pamoja, lakini mzizi wake ni hesabu hii ya kuzidisha 0.8 ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza.

Mzee alikubali, kwa shingo upande. Usiku wa tisa kanu alionekana akishuka kwenye paa la banda, na picha zilizofuata zikamwonyesha akipenya kwenye upenyo kati ya bati na ukuta, upenyo ambao mbwa asingeweza hata kuingiza kichwa. Mbwa mwekundu alionekana mara 4 katika siku zote 14. Hata mara moja hakusimama kwenye mlango wa banda. Alikuwa anapita kwenda jalalani.

Chupa ile mzee aliitoa dirishani mwenyewe.

Picha 20, kanu wangapi?

Kosa la pili la kusoma picha ni kuhesabu picha kana kwamba ni wanyama. "Wapo kanu 20 hapa kwetu!" Hapana. Kanu mmoja akikaa mbele ya kamera anajilamba dakika 5, anaweza kukuachia picha zote hizo.

Njia rahisi ni kuweka kanuni kabla hujaanza kuhesabu: picha za spishi moja zilizopigwa ndani ya dakika 30 zinahesabiwa kuwa tukio moja. Halafu andika kamera ilikesha usiku mangapi. Matukio 6 katika usiku 30 na matukio 6 katika usiku 10 ni habari mbili tofauti kabisa. Usipoandika idadi ya usiku, huwezi kulinganisha uani kwako na kwa mwenzako, wala masika na kiangazi.

Kwa wanyama wenye madoa unaweza kwenda mbali zaidi. Madoa ya kanu ni kama alama zetu za vidole, kila mmoja na yake. Mwanabiolojia wa India K. Ullas Karanth alitumia michirizi ya simbamarara kwa njia hiyo katika hifadhi ya Nagarahole, na kazi yake ya mwaka 1995 ikafungua mlango kwa watafiti wengi. Hesabu yake ya msingi hata sisi tunaiweza. Tuseme mtaa wenu una kamera kadhaa. Wiki ya kwanza mnawatambua kanu 4. Wiki ya pili mnawaona 5, na kati yao 2 ni walewale wa wiki ya kwanza. Kama wale 4 wa mwanzo wanaonekana kwa sehemu ya 2 kati ya 5, basi makadirio ya wote ni 4 × 5 ÷ 2, sawa na 10. Angalizo: madoa ya ubavu wa kushoto hayafanani na ya kulia, kwa hiyo linganisha ubavu mmoja tu, au tega kamera mbili zinazotazamana.

Kuwatambua kwa spishi, anza na mkia. Kanu ana mkia mrefu wenye pete nyeusi na nyeupe, mwili mwembamba wa kilo 2 hivi. Fungo ni mkubwa zaidi, kama mbwa wa wastani, ana barakoa nyeusi usoni na manyoya yanayosimama mgongoni. Nguchiro mwenye ncha nyeusi ya mkia anatembea mchana, ila yupo mwingine mkubwa mwenye mkia mweupe ambaye ni wa usiku. Panya buku utamjua kwa mkia ambao nusu yake ya mwisho ni nyeupe. Usimdharau: ni jamaa zake hao wanaofundishwa hapa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Magawa, panya buku aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa medali ya dhahabu mwaka 2020 na shirika la Uingereza la PDSA.

Na vifaranga wakipotea mchana, tazama juu kabla hujatazama chini. Kunguru wa India, waliofika Zanzibar miaka ya 1890 na kusambaa pwani, ni wezi hodari wa vifaranga.

Ukitaka kutega ya kwako

Kama huna kamera, angalia kwanza kama klabu ya Malihai ya shule ya jirani, chuo au kikundi cha mtaa kinaweza kuchangia moja. Ikishapatikana, fanya hivi:

Chagua njia, usichague uwanja. Wanyama wana njia zao kama sisi: pembeni ya ukuta, chini ya uzio, kwenye mfereji, nyuma ya banda. Tafuta nyayo na kinyesi.

Funga kamera usawa wa goti, sentimita 30 hadi 50 kutoka ardhini, mita 2 hadi 4 kutoka kwenye njia. Ukiifunga usawa wa kifua, kalunguyeye na panya watapita chini yake.

Ielekeze ili mnyama akatize mbele yake, kwa mshazari. Kumbuka vile vidole.

Ielekeze kaskazini au kusini. Huku kwetu karibu na ikweta jua la asubuhi na la jioni linapiga moja kwa moja kwenye kamera inayotazama mashariki au magharibi, na picha zinaungua.

Fyeka nyasi na uondoe majani yanayoning'inia mbele. Kwenye miezi ya mvua rudia kila wiki, nyasi hazikusubiri.

Rekebisha saa na tarehe kabla ya kuondoka. Picha isiyo na saa sahihi imepoteza nusu ya ushahidi wake. Weka ipige picha 3 mfululizo kwa kila tukio, ili ukikosa kichwa upate mkia.

Pita mbele yake mwenyewe kwa magoti, ukijifanya kanu. Majirani watacheka. Kisha fungua kadi uone kama imekunasa.

Halafu iache wiki 2. Kila unapoenda kuchungulia unaacha harufu yako na kuwabadilisha wanyama njia.

Usiweke nyama wala samaki kama chambo. Utawavuta wanyama ambao wasingekuja, na hutajua tena nani ni mgeni wa kawaida na nani umemwalika.

Jambo moja zaidi: kamera hii haichagui. Itampiga picha na jirani anayepita kichochoroni. Waambie watu unachofanya, ielekeze ndani ya eneo lako, na picha za watu zifute. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Ila hata bila sheria, ujirani ni muhimu kuliko picha ya fungo.

Ukishamjua mwizi

Picha ya kanu akitoka na kuku mdomoni inakasirisha, naelewa. Kuku wa kienyeji ni ada ya shule na ni mboga ya mgeni. Lakini tazama picha hiyohiyo tena kwa utulivu. Inakuonyesha alikoingilia, saa aliyoingia, na kama alipanda au alichimba. Hizo ndizo habari unazohitaji.

Kama ni kanu, ziba juu: upenyo kati ya bati na ukuta, kwa wavu ambao matundu yake hayazidi sentimita 2.5. Kama ni nguchiro mwizi wa mayai, okota mayai mapema na usiache kuku wakitaga vichakani. Kama ni mbwa, imarisha mlango na uzungumze na mwenye mbwa. Funga kuku kabla giza halijaingia, maana kamera zitakuonyesha kwamba wengi wa wageni hawa wanaanza kazi mapema kuliko unavyodhani. Na ukikutana na mnyama pori uso kwa uso, usijaribu kumshika. Kichaa cha mbwa kinaweza kubebwa na mamalia wengi, hata jina lake liseme mbwa.

Sumu haina macho wala saa. Panya aliyekula sumu anakuwa mzito wa kukimbia, bundi anamdaka, na bundi anakufa naye. Sasa umempoteza mwindaji aliyekuwa akila panya wa ghala lako kila usiku bila malipo, na panya wanazaliana haraka kuliko bundi. Mwezi ujao utalalamika gunia limetobolewa. Mzee wa hapa kwetu alitumia wavu na misumari, na alimaliza kazi jioni moja.

Kama una kamera tayari na una picha usizozielewa, tutumie pamoja na jina la wilaya yako na idadi ya usiku kamera iliyokesha, hata kama picha zote ni za jani la mgomba. Hiyo idadi ya usiku tunaihitaji kuliko picha yenyewe.